Mwongozo wa Kutembelea Maporomoko ya Maji Katika Nchi za Joto, Tangu Kupanga Safari Hadi Kurejea

Maporomoko ya maji ni miongoni mwa vivutio vichache vya asili ambavyo hubadilika kabisa kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Mlima utaukuta pale pale ulipo, na ziwa vilevile, lakini maporomoko yaliyokuwa yakinguruma mwishoni mwa masika yanaweza kuwa michirizi michache tu juu ya jabali kavu ifikapo mwisho wa kiangazi. Yapo pia mabadiliko ya saa moja hadi nyingine, na hayo ndiyo yanayoua watu. Chanzo chake kiko juu ya mto, mahali ambapo mtembeaji aliyesimama chini hapaoni: mvua iliyonyesha milimani usiku uliopita, lango la bwawa la umeme lililofunguliwa, au magogo yaliyoziba mkondo kisha yakaachia kwa ghafla. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashikilia jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kwamba kila uamuzi wa safari, kuanzia mwezi wa kwenda hadi mahali pa kuketi na kula, ufanywe kwa kuufikiria mto ulio juu ya maporomoko, na si maji yanayoonekana mbele ya macho peke yake.

Hatua ya kwanza: Kuchagua majira

Imeenea dhana kwamba maporomoko hupendeza zaidi maji yanapokuwa mengi kupita kiasi, na dhana hiyo huwafanya watu wafunge safari katikati ya mvua, wakati njia zimejaa tope na vijito vya njiani vimefurika. Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya mto Zambezi yaliyo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, yanatosha kuisahihisha. Yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na maji yake hufikia kilele mnamo mwezi wa Aprili. Wakati huo manyunyu hupanda mamia ya mita hewani na kulifunika korongo, kiasi kwamba anayesimama mkabala na maporomoko huenda asione chochote isipokuwa weupe, na huondoka ameloa chapachapa. Mnamo Oktoba na Novemba hali hugeuka, na sehemu kubwa ya jabali la upande wa Zambia hubaki wazi. Kwa maoni yangu, miezi ya kati, baada ya mafuriko kupungua lakini kabla ya ukame kukolea, ndiyo inayomwonyesha mgeni maji na mwamba kwa pamoja.

Mfano huo una funzo jingine. Mvua nyingi za nyanda za juu za Zambezi hunyesha kati ya Novemba na Machi, lakini maji hayo hupitia tambarare za mafuriko za Barotse na kukawia huko kabla ya kufika kwenye maporomoko. Mto mkubwa unaokusanya maji kutoka eneo pana hupanda na kushuka polepole, kwa wiki na miezi. Kijito cha mlimani hupanda ndani ya saa moja na kushuka ndani ya saa chache. Kabla ya kuchagua tarehe, jiulize ni mto wa aina gani unaouendea, kwa maana kalenda ya mvua ya nchi haitoshi kukujibu.

Kwingine kikwazo hakiko kwenye maporomoko bali njiani. Angel nchini Venezuela, yenye kimo cha mita 979, ambayo hutambuliwa kuwa marefu kuliko yote duniani, hufikiwa kwa mitumbwi, na wakati wa kiangazi mito ya kuyaendea hupungua hata mitumbwi isiweze kupita. Ndiyo maana wageni wengi huyaendea kati ya Juni na Desemba, katika msimu wa mvua, jambo ambalo kwenye vijito vya milimani lingekuwa ni kutafuta hatari. Pale ambapo hakuna kikwazo cha namna hiyo, wiki zinazofuata mwisho wa mvua kubwa hufaa kuliko nyingine: udongo umeanza kushikana, ruba wamepungua, na mto ungali na maji ya kutosha.

Hatua ya pili: Kuulizia njia na kukadiria muda

Jua kwanza ni nani mwenye mamlaka juu ya mahali hapo, kwa kuwa maporomoko huweza kuwa ndani ya hifadhi ya taifa, msitu wa serikali, ardhi ya kijiji au shamba la mtu binafsi. Sanje, yenye urefu wa takriban mita 170 katika Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, yamo ndani ya hifadhi ya taifa na hufuata taratibu za hifadhi. Mengine yako katikati ya mashamba, na kuyafikia ni lazima upite kwenye ua na mimea ya watu. Zaidi ya hayo, maporomoko mengi katika ukanda huu ni mahali pa ibada na matambiko. Pale ambapo wazee wana desturi ya kuomba ruhusa, au ambapo kuna siku ambazo hakuna anayekaribia maji, mgeni anapaswa kuifuata desturi hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa wenyeji ndio walioyatunza maporomoko hayo hadi akayakuta.

Ukishapata idhini, uliza maswali yenye majibu mahususi. Njia ina urefu wa kilomita ngapi, na inapanda au inashuka mita ngapi? Inavuka mto mara ngapi, na vivuko hivyo vina madaraja? Je, juu ya maporomoko kuna bwawa la umeme au la umwagiliaji, na maji yanapofunguliwa watu huarifiwa kwa njia gani? Simu hupata mtandao hadi wapi? Mara ya mwisho mto kupanda kwa ghafla ilikuwa lini, na ulifika wapi? Swali hili la mwisho ndilo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote, kwa sababu mwenyeji anayejibu kwa kuonyesha alama ya maji juu ya mti au mwamba amekupa kipimo ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Anayeyajibu maswali hayo bila kubabaika ndiye anayefaa kuwa mwongozaji wako.

Katika kukadiria muda, wapanda milima wengi hutumia kanuni ya William Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia ya kilomita 4 yenye mwinuko wa mita 300, kanuni hiyo hutoa saa moja na dakika 18. Naismith alikuwa akifikiria milima ya nchi yenye baridi. Katika msitu wenye joto, unyevu, mizizi na utelezi, ni busara kuuzidisha muda huo mara mbili, hivyo njia hiyo hiyo ihesabiwe kuwa ya saa mbili na nusu kwenda peke yake. Kumbuka pia kwamba njia nyingi za maporomoko huanzia juu na kushuka korongoni, kinyume na safari za milimani, maana yake ni kwamba mwinuko mkali humsubiri mtembeaji wakati wa kurudi, akiwa amechoka, nguo zimeloa na jua limepanda. Mtu anayejipima kwa wepesi wa kushuka hujidanganya.

Hatua ya tatu: Kupanga saa ya kuondoka na saa ya kugeuka

Katika nchi nyingi za joto, hasa majira ya mvua, siku huenda kwa mpangilio unaotabirika. Jua la asubuhi huipasha ardhi, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujijenga kuelekea adhuhuri, na alasiri mvua ya radi huanguka, mara nyingi juu ya milima kwanza. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuketi kando ya dimbwi lililo chini ya maporomoko, jua likiwaka, huku kilomita chache juu ya mto mvua ikimwagika. Anayeanza kutembea saa 12 au saa 1 asubuhi hufika, hupumzika na huondoka korongoni kabla ya saa hizo. Anayeanza saa 5 hufika wakati ule ule mawingu yanapokomaa.

Giza nalo lina hesabu yake. Karibu na ikweta mchana huwa na takriban saa 12 mwaka mzima, na jua likishatua, mwanga haukawii kutoweka. Chini ya miti mikubwa na ndani ya korongo, mwanga hupungua hata kabla ya jua kutua. Kokotoa saa ya kugeuka kwa kuhesabu kinyumenyume: chukua saa ya jua kutua, toa muda wa kurudi, kisha toa saa mbili za tahadhari. Jibu utakalopata ni saa ambayo kikundi chote kinageuka, hata kama maporomoko yamebaki umbali wa kusikika. Kikundi kikubaliane hivyo kabla ya kuondoka, kwa kuwa ni vigumu sana kukubaliana huko mbele.

Kuwahi kuna zawadi nyingine. Upinde wa mvua katika manyunyu humwonekania mtu ambaye jua liko nyuma yake, na hauonekani jua likiwa juu sana, isipokuwa kwa anayetazama manyunyu yaliyo chini yake. Maporomoko yanayoelekea mashariki huuonyesha asubuhi, na yanayoelekea magharibi huuonyesha alasiri, saa ambayo mara nyingi si salama kukaa.

Hatua ya nne: Mavazi na mzigo

Kitu cha kwanza ni viatu. Chagua vyenye soli ya mpira laini na meno yaliyo wazi, vinavyofungwa vizuri kisiginoni na ambavyo havidhuriki vikiloa, kwa kuwa vitaloa. Buti nzito za ngozi hunywa maji na kugeuka mzigo. Ndala hubaki kwenye tope. Na kutembea pekupeku, ingawa wenyeji waliozoea huweza, humweka mgeni kwenye hatari ya kukatwa na mawe. Vaa suruali ndefu nyepesi na uingize ncha zake ndani ya soksi, jambo ambalo huzuia ruba na kupe kwa kiasi kikubwa.

Fimbo imara yenye urefu wa kufika kifuani hufanya kazi kuliko kifaa chochote cha bei: hupima kina cha maji, huwa mguu wa tatu kwenye utelezi, na hupapasa majani mbele ya miguu. Filimbi nayo isikose, kwa sababu sauti ya binadamu humezwa na ngurumo ya maji hata kwa umbali mfupi. Milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ni ishara ya dhiki inayojulikana kwa wapanda milima. Ongeza tochi ya kichwani, koti la mvua, nguo kavu moja iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, vifaa vya huduma ya kwanza, na chakula cha kukutosha endapo utachelewa nusu siku.

Beba maji ya kunywa takriban nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kama jua ni kali. Maji ya mto, hata yawe maangavu namna gani, yachemshwe kwanza kwa dakika moja, au dakika tatu mahali palipo juu ya mita 2,000. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu asiyesafiri nanyi jina la njia mnayopita, idadi yenu, na saa ambayo akiwa hajawasikia atoe taarifa.

Hatua ya tano: Kutembea njiani

Mwenye kasi ndogo kuliko wote atangulie nyuma ya mwongozaji, na mwenye uzoefu awe wa mwisho. Tembea kwa hatua fupi, ukikanyaga udongo au jiwe lenye mikwaruzo badala ya mizizi na magogo yaliyoloa, ambayo huteleza kuliko kitu kingine chochote msituni. Unapofika kwenye gogo lililolala njiani, tazama kwanza upande wa pili kabla ya kushusha mguu, kwa kuwa nyoka hupenda kujilaza hapo. Usishike shina bila kuliangalia, maana huenda lina miiba au siafu.

Hatua ya sita: Kuvuka mto

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, hivyo hatua hii inastahili kusomwa zaidi ya mara moja. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na nguvu ya mkondo haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali kwa mraba wake: mkondo ukienda kasi mara mbili, husukuma miguu kwa nguvu mara nne. Maji ya magotini yanayokimbia huweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu, na akishaanguka, uwezo wake wa kusimama tena ni mdogo.

Kabla ya kuingia, simama ukautazame mto kwa dakika kadhaa. Maji yenye rangi ya udongo, ilhali asubuhi yalikuwa maangavu, yanaeleza kwamba mvua imenyesha juu. Majani mabichi, vijiti na povu vinavyoelea kwa wingi vinaeleza jambo hilo hilo. Sauti ya mawe yanayogongana chini ya maji inaonyesha kwamba mkondo una nguvu ya kuyabingirisha, na mkondo unaobingirisha mawe hauvukwi. Weka jiwe dogo au kijiti kwenye mstari ambapo maji yanagusa ukingo. Baada ya dakika kumi utajua kama mto unapanda au unashuka. Kipimo hicho hakigharimu kitu, nami ningependa kila mtembeaji akifanye katika kila kivuko, hata kile kinachoonekana cha kitoto, kwa sababu kivuko cha kwenda ndicho pia kivuko cha kurudi.

Mahali pa kuvukia pawe papana, kwani maji yaliyotawanyika huwa na kina kifupi na kasi ndogo kuliko yale yaliyobanwa. Tazama kilichoko chini ya mkondo kutoka hapo: kama kuna maporomoko, miamba iliyobanana au mti ulioanguka majini, tafuta pengine, hata kama kivuko chenyewe ni chepesi. Mti uliolala majini ni mtego mbaya mno, kwa maana maji hupita kati ya matawi lakini mwili hunasa.

Legeza mikanda ya mkoba na ufungue ule wa kiunoni, ili ukianguka uweze kuuvua mara moja. Elekeza uso upande maji yanakotoka, egemea fimbo iliyo mbele yako, na usogee upande kwa upande, ukihamisha mguu mmoja tu au fimbo kwa wakati mmoja. Wakiwa wengi, wavuke wameshikana mabegani, mwenye nguvu akiwa upande wa juu wa mkondo ili awapunguzie wenzake msukumo. Usijifunge kamba mwilini. Kamba iliyokazwa humshikilia aliyeanguka chini ya maji badala ya kumwokoa. Ukichukuliwa na mkondo, lala chali, miguu ikiwa mbele na juu, ukipiga mikono kuelekea ukingoni, wala usijaribu kusimama mahali pa kasi kwa sababu mguu huweza kunasa kati ya mawe. Isipokuwa kama kuna maporomoko mbele: hapo geuka tumbo na uogelee kuelekea ukingo ulio karibu kwa nguvu zako zote.

Mkisikia ngurumo inayoongezeka kutoka juu ya bonde, au mkaona maji yakipanda na kubadilika rangi, pandeni kando ya korongo papo hapo. Msikimbie kuufuata mto kuelekea chini, kwa kuwa maji ya mafuriko hukimbia kuliko mwanadamu, na msirudi kuchukua mizigo. Endapo mto umewatenganisha na njia ya kurudi, subirini. Vijito vya milimani hushuka baada ya mvua kukatika, mara nyingi ndani ya saa chache, na usiku mmoja wa baridi na njaa ni jambo linalovumilika. Hapa ndipo nguo kavu, tochi na chakula cha ziada hulipa gharama ya kubebwa.

Hatua ya saba: Kuwa kwenye maporomoko yenyewe

Ukingo wa juu ambapo maji huanza kuanguka ni mahali pa kutazamwa kutoka mbali. Miamba ya hapo imesuguliwa na maji hadi ikalainika, imefunikwa na mwani usioonekana kwa urahisi, na mara nyingi huinamia upande wa shimo, hivyo aliyeteleza hana cha kushika. Hata wanyama wanaoijua misitu hiyo tangu kuzaliwa hushindwa: mnamo Oktoba 2019, tembo 11 walikufa katika maporomoko ya Haew Narok, ndani ya hifadhi ya Khao Yai nchini Thailand. Picha inayopigwa ukingoni haizidi uzuri ile inayopigwa kutoka jukwaa la kutazamia, na kama hakuna jukwaa wala uzio, kaa mbali na maji kwa umbali ambao ukianguka utaangukia ardhi kavu.

Chini nako kuna hatari isiyotiliwa maanani. Maporomoko mengi hutokea pale mwamba mgumu unapolalia mwamba laini. Maji huula ule laini ulio chini, mgumu hubaki ukining'inia, na siku moja kipande huanguka. Tarehe 9 Mei 1999, katika Sacred Falls kwenye kisiwa cha Oahu, Hawaii, mawe yaliporomoka kutoka ukuta wa korongo na kuwaua watu wanane waliokuwa chini, na njia hiyo ilifungwa tangu wakati huo. Usiketi chini ya mwamba unaoning'inia, na unapoona mawe yenye nyuso mpya, zisizo na mwani wala kuvu, elewa kwamba yameanguka karibuni. Chagua mahali pa kula palipoinuka kuliko alama za mafuriko, penye njia ya kupandia nyuma yako.

Kuogelea kunahitaji uamuzi wa pekee. Maji yanayoanguka hujichanganya na hewa, na maji yenye mapovu mengi hayambebi mtu kama maji ya kawaida, hivyo hata mwogeleaji hodari hujikuta akizama. Mahali maji yanapotua, mkondo huzunguka na kumrudisha mtu chini ya maporomoko tena na tena. Kwa hiyo kama mwenyeji amekuhakikishia kwamba dimbwi hilo huogelewa, na kama maji ni maangavu na hayapandi, ingia mwishoni mwa dimbwi, mbali na maporomoko, ukitanguliza miguu. Usiruke kutoka juu ya jabali hata kama umeona wengine wakiruka, kwa kuwa mafuriko ya wiki iliyopita huenda yameleta gogo au jiwe ambalo halikuwapo. Watoto wakae umbali wa mkono wa mtu mzima muda wote, si umbali wa jicho. Na tusisahau kwamba maji yatokayo milimani huwa baridi hata katika nchi za joto. Midomo ikianza kutetemeka, muda wa kutoka umekwishapita.

Mimea na wanyama wanaoishi kwenye manyunyu ni wa aina ya pekee, na wengine hawapatikani mahali pengine popote. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kusini mwa Milima ya Udzungwa, aliishi katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu ya korongo moja. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yalipungua mno. Ukafuata ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliokuwa wamehamishiwa katika bustani za wanyama nchini Marekani ndio waliozaliana na kuwezesha kazi ya kuwarudisha korongoni, iliyoanza mwaka 2012. Kuvu wa namna hiyo huweza kusafiri kwenye tope la viatu. Basi safisha soli kabla ya kwenda, baki kwenye njia, usikanyage nyasi na kuvumwani zinazoloweshwa na manyunyu, na usitumie sabuni mtoni, hata ile inayouzwa kwa jina la sabuni ya asili.

Hatua ya nane: Ajali ikitokea

Mguu uliotegukia njiani ndiyo ajali ya kawaida. Ufungwe vizuri, ukiwa ndani ya kiatu, na kikundi kirudi pamoja. Aliyeumwa na nyoka alazwe atulie, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kifungiwe gango kama kilichovunjika, na abebwe kupelekwa hospitali. Asichanjwe, asinyonywe sumu, wala mguu wake usikazwe kamba, kwa sababu mambo hayo matatu huongeza madhara. Aliyeopolewa majini bila kupumua aanze kwa kupewa pumzi za kuokoa, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa kila pumzi 2, bila kukoma, hadi apate msaada. Anayetaka kumwokoa mtu anayezama amrushie fimbo, kamba au kitu kinachoelea akiwa ukingoni, kwani wengi waliojitosa majini kuokoa wenzao wamezama pamoja nao.

Hatua ya tisa: Baada ya kurejea

Mjulishe yule uliyemwachia taarifa kwamba mmefika. Vua nguo zote, ujikague mwili mzima ukitafuta kupe, hasa makwapani, nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele, na umng'oe kila mmoja kwa kibano kilichomshika karibu kabisa na ngozi. Osha vidonda kwa maji safi na sabuni. Viatu visuguliwe hadi tope liishe na vianikwe juani vikauke kabisa kabla ya kuvaliwa kwenye msitu mwingine.

Kuna maradhi mawili ambayo hujitokeza baada ya safari kusahaulika. La kwanza ni homa ya mgunda, inayoenezwa na maji au udongo wenye mkojo wa wanyama walioambukizwa, hasa panya, na ambayo huwapata zaidi watu waliogusa maji baada ya mvua kubwa wakiwa na michubuko. Dalili zake huanza kati ya siku 2 na 30: homa kali, kichwa kuuma, maumivu ya misuli, hususan ya vigimbi vya miguu, na macho mekundu. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria, hutokea mgonjwa akatibiwa malaria peke yake huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. La pili ni kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, kwa hiyo hatari iko zaidi kwenye madimbwi ya kando na kwenye vivuko vya chini, karibu na makazi, kuliko kwenye maji yanayoanguka. Kinaweza kukaa mwilini kwa muda mrefu bila kumsumbua mtu, na kipimo huaminika zaidi kikifanywa wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji. Uendapo kwa daktari kwa sababu yoyote ndani ya miezi inayofuata safari, mtajie mto ulioingia, tarehe, na kama ulikuwa na kidonda siku hiyo.